Fani ndogo ya saikolojia: thamani yake iko kwenye kozi inayokimbiwa

Kijana wa Afrika Mashariki anayesoma Marekani akiwapigia wazazi simu kuwaambia ameongeza fani ndogo ya saikolojia juu ya shahada yake ya kompyuta, swali la kwanza huwa: itakusaidia nini? Ni swali la haki, na hoja iliyo nyuma yake ni nzito kuliko vijana wanavyodhani.

Fani ndogo, au maina kama wanafunzi wanavyoiita, kwa kawaida ni kozi 5 hadi 7 tu, krediti 18 hadi 21 hivi kati ya 120 za shahada. Haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia, maana karibu kila jimbo hudai shahada ya uzamivu kabla ya kumpa mtu leseni ya kutoa tiba kwa jina hilo. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, ana kikwazo kingine. Kazi anayoruhusiwa kufanya baada ya kuhitimu chini ya mpango wa OPT lazima ihusiane moja kwa moja na fani kuu. Fani ndogo haihesabiki. Na ikimchelewesha, muhula wa ziada utalipiwa ada ya mgeni. Mzazi aliyeuza kiwanja ana haki ya kupiga hesabu hizo zote, na mimi namuunga mkono hadi hapo: kama fani hii itasogeza mahafali hata kwa muhula mmoja, iachwe.

Ila kwa wengi haisogezi. Utangulizi wa saikolojia mara nyingi huhesabiwa kati ya kozi za sayansi ya jamii ambazo kila mwanafunzi lazima asome. Takwimu nazo wengi wanazo tayari kwenye fani kuu, na vyuo vingi huruhusu kozi moja au mbili zihesabiwe pande zote. Anayelenga udaktari atazihitaji kozi hizi hata bila cheo cha fani ndogo, kwa kuwa tangu 2015 mtihani wa MCAT, wa kuingilia vyuo vya udaktari, una sehemu nzima, moja kati ya 4, inayohusu tabia ya binadamu.

Hata hivyo, sababu yangu ya kuitetea si urahisi wa kuimaliza. Ni namba moja ambayo wapinzani wake huitumia kama rungu, nami naiona kuwa ndiyo sifa yake kubwa. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti wapatao 270 waliorudia majaribio 100 ya saikolojia yaliyokwisha kuchapishwa kwenye majarida yenye heshima. Katika kazi za awali, asilimia 97 zilitangaza matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Yaliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizofikia hapo. Kwenye saikolojia ya jamii, ile inayopendwa sana na wasomaji, ni karibu robo.

Basi ni elimu ya uongo, husema watu. Lakini nani aliyeufichua uongo huo? Ni wanasaikolojia wenyewe, kwa majina yao, katika kazi za wenzao. Na sababu walizozieleza zinafundishika: washiriki wachache mno, kufungia kwenye droo jaribio lililoshindwa, data kuchambuliwa hivi na vile mpaka kitu kijitokeze. Mwanafunzi aliyekaa muhula mzima akijifunza hayo kwenye kozi ya mbinu za utafiti hawezi tena kupokea ujumbe wa WhatsApp unaoanza na "utafiti umeonyesha" bila kuuliza: walipimwa watu wangapi? Walipatikanaje? Kuna aliyerudia? Muuguzi anahitaji maswali hayo anapoletewa dawa mpya yenye sifa nyingi. Mtengenezaji wa programu anayahitaji anapoambiwa kitufe chekundu kinavutia wateja kuliko cha kijani.

Sisi tuna sababu ya ziada ya kuyauliza. Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipopitia majarida 6 makubwa ya saikolojia ya Marekani mwaka 2008, alikuta asilimia 96 ya waliochunguzwa wametoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Yaani sheria za "akili ya binadamu" ziliandikwa karibu bila sisi kuwemo. Kisha watafiti wakaenda Kamerun, wakawapa watoto wa kabila la Nso wa miaka 4 lile jaribio maarufu la kusubiri: ukivumilia bila kula kitafunio hiki, utapata cha pili. Waliwawekea puff-puff, andazi la kwao. Karibu asilimia 70 walisubiri. Kwa watoto wa Ujerumani ilikuwa 28. Mwanafunzi aliyetoka Mbeya au Kisumu akisoma hayo anajua kwamba ana jambo la kuiambia sayansi hii, si kuipokea tu.

Tatizo ni kwamba wengi humaliza fani ndogo bila kuigusa kozi ya mbinu za utafiti. Vyuo vinavyoacha uchaguzi wazi huwaruhusu kukusanya kozi za ndoto, mahusiano na haiba, na hapo wanaosema ni pambo la cheti wako sahihi kabisa.

Kozi hiyo hudai takwimu kwanza, na nafasi zake mara nyingi hupewa wenye fani kuu kabla ya wengine, kwa hiyo anayeisubiri mwaka wa nne huikosa. Anayeingia mwaka wa pili sasa aende kwa mshauri wake wa masomo na swali hilo kabla ya kujaza fomu yoyote: mbinu za utafiti iko wazi kwa asiye na fani kuu ya saikolojia, na katika muhula gani? Akijibiwa kwamba haiko, krediti hizo 18 ana mahali pengine pa kuzitumia.