Kimea ni kile kile, sema wenzetu wanakinusa

Jirani yangu hapa Aurora, Colorado, Marekani, ni mzee wa kizungu, dereva wa malori mstaafu. Jumamosi iliyopita kaniita barazani kwake, kanimiminia wiski vidole viwili kwenye kijiglasi chenye tumbo na mdomo mwembamba. Mi nikafanya kama tunavyofanya siku zote, nikapiga yote, nikakunja uso, nikaweka glasi chini. Mzee kanitazama kama nimemkanyagia mbwa wake. Yake alikuwa hata hajaionja, kaingiza pua ananusa, anatoa, anaingiza tena, mi moyoni nasema huyu naye, wiski si ya kunywa? Ikaniudhi kweli. Kanimiminia nyingine, safari hii kidogo, afu kaniuliza, "Unasikia nini humo?"

Swali gani hilo jamani. Nyumbani sijawahi kuulizwa nasikia nini kwenye wiski. Nyumbani unaulizwa unachanganyia na nini, na kama mzinga ubaki hapo hapo mezani.

Wiski yenyewe ni Stranahan's Blue Peak, inatengenezwa hapa hapa Denver, asilimia 43. Ni singo malti, maana yake shayiri iliyooteshwa kimea tu, hamna mahindi wala nini, na imetoka kiwanda kimoja. Hao wameanza 2004, juzi tu, Mskochi, mtu wa Scotland, akisikia anacheka. Hii wanaimalizia kwa kuchanganya kwenye pipa kubwa ambalo halikaushwi, wanatoa kiasi wanaongeza nyingine juu, ya zamani inaifundisha mpya adabu.

Basi nikaingiza pua na mimi, kwa kumridhisha tu. Mara ya kwanza nikasikia spiriti. Ya pili vanila, kama maandazi ya dukani. Mzee kasema weka matone mawili ya maji usubiri, nikaweka, nikasubiri, nikanusa tena, na wallahi sikutegemea, ikaja ndizi. Sio ndizi ya kula, ile iliyopitiliza, ganda jeusi, iko kwenye pipa siku ya tano imefunikwa na majani. Na nyuma yake harufu ya ulezi uliolowekwa ukaota ukaanikwa kwenye gunia uani, ule unaosagwa kutoa mso, unga wa kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi. Nimekaa barazani kwa mzungu Colorado nanusa uani kwa bibi Uru, Kilimanjaro. Nikamwambia mzee, "Nasikia bibi yangu." Akadhani ni mzaha.

Si mzaha. Wale mlioko bondeni mnisamehe, ila mtoto wa Kichagga kimea anakijua kabla hajajua kusoma. Unaloweka nafaka, unaiacha iote, unaikausha, unasaga, utamu wake ndio unatoa pombe. Shayiri ya hawa inapita njia hiyo hiyo, tofauti ni wao wanaendelea kuipika mvuke wanailaza kwenye pipa la mwaloni lililochomwa ndani. Na shayiri yenyewe kwetu West Kilimanjaro inalimwa, inaishia kwenye bia.

Hukumu yangu kuhusu hiyo chupa, kwa wanaotaka kujua: ni nyepesi. Mdomoni inaanza na asali, karameli, halafu pilipili manga kidogo kwenye kingo za ulimi, kisha inaondoka mapema, unaitafuta haipo. Haina moshi kabisa, mwenye kupenda za moshi ataiona maji. Barafu inaiua. Mi naipa 7 kwa 10, ya mchana, ya kukaa na mtu mnaongea, na chini ya dola 50 sijutii. Sio wiski ya kukufanya ulie. Nililia kwa sababu nyingine.

Sasa hapa ndipo nachukia. Hawa Wamarekani wamepika singo malti yao miaka na miaka, haina hata jina rasmi kwenye sheria, wakajikusanya wenye viwanda, wakasumbua serikali, mpaka Desemba 2024 kanuni ikatoka, ikaanza kazi Januari 2025: shayiri ya kimea asilimia 100, ikorogwe, ipikwe na ilazwe pipani Marekani, ipikwe na kiwanda kimoja, pipa la mwaloni lisizidi lita 700, kwenye chupa isishuke asilimia 40. Hawakuona aibu kwamba Mskochi kawatangulia karne nzima na zaidi. Sisi sheria ya pombe ya moshi, yaani gongo, ya 1966 ilikuja kukataza kupika bila leseni, na sijasikia mtu akiuliza tungeipika vipi vizuri. Na mbege, ambayo hata mvuke haipitii, haina kosa lolote, nayo tumeiweka fungu moja na uchafu. Angalieni maajabu, kuku wa kienyeji bei juu, mayai ya kienyeji bei juu, pombe ya kienyeji aibu! Mangi akipata hela kidogo anahamia chupa ya Scotland, lebo inageuzwa iangalie kamera, afu ndani anamimina soda mpaka hata Mskochi aliyeipika asingeitambua. Amelipia kimea cha watu miaka 12 kwenye pipa, kakizamisha kwenye energy drinki.

Najua mnachoandaa kuandika. "Umebeba maboksi miaka tisa leo unatufundisha kunywa." Kweli, maboksi nabeba, na kesho alfajiri niko zamu, sasa mbeba maboksi hana pua? Mwingine atasema huku watu wanatafuta hela ya kula wewe unaleta habari za kunusa wiski. Kaka, mimi sijasema nunua. Nimesema hicho unachonunua tayari, kinuse. Wa tatu ataniletea gongo, watu wanakufa, unataka iachiwe? Mjomba wangu aliondoka na macho yake kwa gongo, mimi ndiye nilikuwa namshika mkono kwenda choo, msinieleze gongo ni nini. Na wanaoniambia pombe yote ni dhambi, nyie hatuna ugomvi, mama yangu ni mlokole ananiombea kila alfajiri.

Halafu msidhani nimewasujudia wazungu. Kuna kitu kwa huyu mzee kinanichosha, ile orodha: tufaha la kuokwa, ngozi ya kiti, biskuti ya tangawizi, anasoma kama risiti ya supamaketi. Na kila mtu na kiglasi chake, kila mtu na pua yake. Kwetu kata moja inazunguka, anakunywa mkubwa kwanza, inapita, unaonja ulipogusa mwenzio, na maneno ya kuonja yalikuwepo! Bibi alikuwa akipiga funda moja anasema hii ni ya mama fulani wa kule juu, msesewa, lile gamba chungu la mti, umezidi, ana haraka yule. Au anasema ndizi zimechemshwa usiku mmoja zikaachwa, hazikurudiwa moto. Hakuwa na kiglasi chenye tumbo. Nimeishi naye mpaka kidato cha pili nikiyasikia hayo naona ni umbea wa wazee, nimekuja kulipa nauli mpaka Colorado mzungu anifundishe kitu ambacho bibi alikuwa anafanya amekaa kwenye kigoda.

Basi nilivyorudi ndani nikampigia shangazi, kwao ilikuwa Jumapili asubuhi, anajiandaa kwenda ibada. Nikamsalimia, nikaulizia ng'ombe, afu nikamuuliza mbege ya jana kwenye ubarikio wa mtoto wa jirani ilikuwaje. Kimya kidogo, nadhani alishangaa mtu wa Marekani anauliza hilo badala ya kuuliza ametumiwa ngapi.

"Ile?" akasema. "Maji matupu. Mso ulisagwa haujakauka, una harufu ya gunia. Na ndizi zile ni za kununua, si za kihamba cha nyumbani. Nilionja nikampasia mwenzangu."