"Skani kubwa" ni kubwa kwa nani?

Kisumu, mtu akianguka ghafla na upande mmoja wa mwili ukamlegea, kundi la mchango hufunguliwa kabla hata daktari hajasema neno. Hakosi mmoja wa kushauri: "Mpelekeni MRI, CT ni ndogo." Zote mbili ni skani, mashine za kupiga picha za ndani ya mwili. Nimeisikia hoja hiyo Kondele, nikaikuta tena Nakuru. Kwa kiharusi cha ghafla, naona inapotosha.

CT ni eksirei zinazozunguka kichwa, kisha kompyuta huunganisha vipande vya picha. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT London mwaka 1971. MRI haitumii mionzi hiyo. Hutumia sumaku kali na mawimbi ya redio, ikisoma hasa maji yaliyomo mwilini. Ya kwanza huchukua dakika chache. Ya pili huenda ikafika nusu saa au zaidi, umelala bila kutikisika huku mashine ikigonga kama karakana ya jua kali.

Usiku wa kiharusi swali la kwanza ni moja: mshipa umepasuka au umeziba? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na ukimpa anayevuja damu ubongoni unaweza kumuua. Damu mbichi huonekana nyeupe kwenye CT, hata kwa daktari aliyechoka. Kwa mgonjwa anayetoka Mbita au Port Victoria, saa hizo huanza kuliwa barabarani. CT iliyo karibu, yenye mtu wa kuisoma saa nane usiku, itamfaa kuliko sumaku ya mamilioni iliyofungwa hadi Jumatatu.

Hata hivyo wanaotetea MRI hawasemi ovyo. Mshipa ukiziba, CT ya saa za mwanzo inaweza kuonekana safi kabisa, ilhali MRI huonyesha mapema sehemu iliyokosa damu. Nyuma ya ubongo, karibu na shina lake, mifupa minene huichafulia CT picha. Na sisi watu wa ziwa tunaoijua malaria tuna jambo la kujifunza Blantyre, Malawi: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapiga MRI watoto wenye malaria ya ubongo, na kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Hilo liliwapa madaktari kitu mahususi cha kupambana nacho.

Kifafa kina hesabu yake. Kule Busia, ambako nguruwe huzurura, lava wa tegu, mnyoo anayehusiana na nguruwe, huweza kuingia ubongoni na kuleta degedege kwa mtu mzima. Lava aliyekufa na kugeuka chokaa huonekana vyema kwenye CT. Aliye hai huonekana vyema kwenye MRI. Ganzi ya nyayo kwa mwenye kisukari, kwa upande mwingine, kwa kawaida haihitaji skani yoyote. Neva hizo hupimwa kwa vipimo vya kugusa na, ikibidi, kwa umeme mdogo.

Kinachonitia wasiwasi ni MRI ya mgongo inayopigwa kwa sababu tu pesa zimepatikana. Uchambuzi wa tafiti uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wasio na maumivu yoyote nao wana diski zilizochakaa: asilimia 37 wakiwa na miaka 20, asilimia 96 wakifika 80. Mtu huingia na kiuno kinachouma, akatoka na ripoti ndefu na hofu ya kisu.

Kuna pia umeme na mafundi. Sumaku nyingi za MRI hupozwa kwa heliamu iliyo nyuzi 269 chini ya sifuri, na ubaridi huo hudai umeme na fundi. Mwaka 2015 serikali ilianza kuzikodishia kaunti vifaa vya hospitali, na Seneti ilipochunguza ikakuta vingine vimelala kwa kukosa umeme au wataalamu. Kwa hiyo ningeanza na CT inayofanya kazi usiku kucha, kisha kaunti kadhaa zichangie MRI moja na daktari wa kuisoma.

Ila ndugu yangu akiniambia kiuno kinamuuma, miguu yote miwili imekufa ganzi na mkojo umekataa kutoka, hapo huenda neva za chini ya mgongo zimebanwa, na sitamtajia CT. Tutatafuta gari, twende palipo na MRI usiku huohuo.