Mfanyakazi akiumwa, mshahara atoe nani?

Mpishi wa mgahawa anakohoa, sasa ni wiki ya tatu. Anajua akienda kupima huenda akaambiwa ni kifua kikuu na kwamba akae nyumbani kwanza. Anajua pia kuwa siku asipofika kazini, siku hiyo hana pesa. Basi asubuhi anavaa aproni, anaingia jikoni, na wenzake wanavuta hewa ileile mpaka jioni. Anayetaka kuelewa kwa nini sheria inamtaka mwajiri amlipe mtu ambaye hayupo kazini, aanzie jikoni hapo. Mshahara wa mgonjwa unamlinda mgonjwa, na unawalinda waliosimama karibu naye.

Kwa Tanzania Bara, jambo hili limo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mfanyakazi ana haki ya siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo analipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara. Lazima awe na cheti cha daktari, na kwa kawaida awe ametimiza miezi sita kazini. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kiwango cha chini ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Uganda mgonjwa analipwa kamili mwezi wa kwanza, na akiwa bado hajapona mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kusitisha ajira. Ukilinganisha na majirani hao, sheria ya Bara ina mkono mpana.

Lakini mkono huo mpana unachota mfukoni mwa mtu mmoja tu.

Chukua duka la dawa lenye wahudumu watatu, kila mmoja akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Jumapili moja mmoja wao anapata ajali ya bodaboda, anavunjika nyonga, anakaa nje miezi minne. Kwa sheria atalipwa jumla ya zaidi kidogo ya shilingi 900,000. Duka haliwezi kubaki na watu wawili, kwa hiyo anatafutwa wa kushika nafasi yake, naye kwa miezi hiyo minne ni shilingi 1,200,000. Benki au kiwanda chenye watu mia tano hakitatikisika kwa hilo. Mwenye duka atakopa, au atalipa mwezi wa kwanza kisha aanze kupiga chenga. Sioni haki kumwita katili mtu huyo bila kwanza kukaa naye na daftari lake la mauzo.

Waajiri wana lalamiko jingine, la ED, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha mgonjwa kazini. Kila ofisi inajua habari za mtu anayeumwa kila Jumatatu, na za ED iliyopatikana kwa kumpoza mtu kidogo zahanati. Yapo, na yanawaudhi hata wafanyakazi wenzake, maana kazi zake zinawaangukia wao. Hata hivyo hoja hii huwa inapewa uzito kuliko inavyostahili. Sheria tayari inamruhusu mwajiri asilipe pasipo cheti, na kughushi cheti ni kosa la nidhamu ambalo lina utaratibu wake. Mdanganyifu ashughulikiwe kama mdanganyifu. Mama anayetoka upasuaji hana deni la kulipa kwa ajili yake.

Kinachoniumiza zaidi ni jinsi mzigo huu unavyokwepwa kimyakimya. Mtu anaajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu, anapumzishwa, anarudishwa kwa mitatu mingine. Au hana mkataba kabisa, ni kibarua, deiwaka, "njoo kesho tuone". Waliotunga sheria waliliona hili: aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yuleyule ndani ya mwaka, na jumla yake ikapita miezi sita, ana haki ya likizo ya malipo. Ila nani anamhesabia? Dada wa kazi akishikwa na homa isiyokatika, nyumba nyingi humkatia tiketi ya basi arudi kwao, na wiki ileile anatafutwa mwingine. Siku 126 kwake ni maandishi ambayo hajawahi kusomewa.

Hata kwa aliye na mkataba, nusu mshahara inaanza wakati mbaya. Mwezi wa tatu wa kuumwa ndipo nauli za kliniki zimeongezeka na akiba imekwisha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga gharama za matibabu. Kodi ya chumba hailipi.

Ujerumani walipita njia hii. Oktoba 1956 mafundi chuma zaidi ya 30,000 wa jimbo la Schleswig-Holstein waligoma kwa siku 114, na dai lao kubwa lilikuwa mshahara wakati wa ugonjwa. Leo mwajiri huko analipa kamili kwa wiki sita, kisha bima ya afya inachukua zamu na kumlipa mgonjwa asilimia 70 ya mshahara. Na waajiri wadogo, wenye wafanyakazi wasiozidi 30, wanachangia kwenye kapu la pamoja linalowarudishia sehemu kubwa ya walichomlipa mgonjwa. Kapu hilo ndilo linalonivutia. Halikupunguza haki ya mfanyakazi, ila mwenye duka hakuachwa peke yake.

Sisi nasi kapu la namna hiyo tunalo, limeishia nusu ya njia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na waajiri peke yao, asilimia 0.5 ya mishahara wanayolipa. Fundi akidondoka kwenye jengo analolijenga, Mfuko unamfidia asilimia 70 ya mshahara wake kwa muda asioweza kufanya kazi, usiozidi miezi 24. Fundi huyohuyo akiugua ini, au akigongwa akitoka sokoni Jumapili, yote yanarudi kwa bosi wake.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka siku 63 zipunguzwe, wala na wanaoona kuwa zimeandikwa basi yameisha. Ningependa mwajiri abaki na wiki chache za kwanza, ili awe na sababu ya kufuatilia afya ya watu wake, kisha mfuko wa pamoja uanze kulipa. Waajiri watasema ni kodi nyingine. Ndiyo, ni mchango mwingine, na wenye kampuni kubwa zisizo na wagonjwa wengi watachangia zaidi ya watakachopata. Lakini mhudumu wa duka la dawa aliyevunjika nyonga atajua mwezi wa pili pesa inatoka wapi, na mwenye duka hatakuwa na sababu ya kumwandikia anayefuata mkataba wa miezi mitatu.