Bando la usiku limekula usingizi wangu

Mama mwenye nyumba wangu hapa Isanga ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Kila asubuhi tukikutana bombani ananiuliza, "Ugonile?" Ni salamu tu, lakini ukiichambua anauliza kama umelala. Kwa miezi mingi nilimjibu "ndaga" huku macho yananiwasha kama nimetoka kukata vitunguu. Mwezi wa sita na wa saba ndiyo balaa. Mbeya ya wakati huo unaijua: saa mbili usiku baridi imeshakufukuza sebuleni, uko chini ya mablanketi mawili, usingizi bado haujafika, simu iko mkononi. Ikifika saa sita, bando la usiku linaanza.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Kampuni za simu zinatuuzia gigabaiti kwa bei ya kutupa, sharti tuzitumie usiku wa manane, saa ambazo mtu anatakiwa awe anakoroma. Hela hiyo hiyo mchana haikufikishi hata nusu ya filamu. Kwa hiyo anayekesha ni dereva bodaboda, mwanafunzi wa chuo, muuza mitumba. Mwenye waifai nyumbani kwake anaangalia mambo yake saa mbili, anapiga mswaki, analala.

Wengi wakigusa habari hii hukimbilia mwanga wa buluu wa skrini ya simu. Sikatai, upo. Jicho lina chembe ambazo kazi yake si kuona picha bali kupima kama kumekucha, na mwanga wa buluu ndio unaozichokoza zaidi. Zikichokozwa, ubongo unachelewa kutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Ukijifunika blanketi na simu ndani, gizani mboni imefunguka wazi, unaupokea mwanga huo barabara.

Ila kuna utafiti wa Boston, Marekani, uliotoka mwishoni mwa 2014. Watu 12 walisoma kwa saa 4 kabla ya kulala, siku tano kwenye skrini yenye mwanga wa juu kabisa, siku tano kwenye kitabu cha karatasi. Wa skrini melatonini yao ilishuka sana, na asubuhi waliamka wazito. Lakini kupata usingizi walichelewa kama dakika 10 tu. Dakika kumi! Mimi nilikuwa napoteza saa tatu, na hizo hazikuliwa na buluu. Zililiwa na video inayofuata, na inayofuata, na ile hofu ya kuacha bando liishe muda bila kutumika.

Ndiyo maana sina imani na ile hali ya usiku ya kwenye simu, inayopunguza mwanga wa buluu. Niliiwasha, skrini ikawa na rangi ya chai ya rangi, nikaendelea kuangalia mpaka saa nane. Mtu mzima anashauriwa alale kwa muda wa angalau saa 7, kijana wa sekondari saa 8 hadi 10. Aliyezima simu saa nane akaamka saa kumi na moja na nusu apige hesabu mwenyewe.

Kilichonisaidia ni kuchajia simu jikoni. Nilikwenda sokoni Mwanjelwa nikanunua saa ya mezani, ile ya betri, maana kisingizio changu kilikuwa alamu. Na baridi ile ile iliyokuwa inanifungia kitandani na simu sasa inanizuia kuifuata. Ushuke kitandani peku, sakafu ya saruji, mwezi wa saba, kwa ajili ya vichekesho? Thubutu.

Wangetuuzia gigabaiti hizo kwa bei hiyo kuanzia saa moja jioni, nisingeandika haya. Sitaki kudanganya, Jumamosi bado nalinunua. Kesho yake mama mwenye nyumba akiniuliza "Ugonile?" napita haraka na ndoo yangu.