Star Citizen: Aliyechoka Kusubiri na Anayeshangilia Mubashara

Oktoba 2024, mjini Manchester, kampuni ya Cloud Imperium Games iliwaonyesha mashabiki wake sehemu ya kwanza ya Squadron 42, mchezo wa hadithi wa mchezaji mmoja unaotengenezwa sambamba na Star Citizen, ule mchezo mkubwa wa mtandaoni wa anga za juu. Onyesho lilichukua takriban saa nzima, likasifiwa kwa picha na uigizaji wake, na likakwama mbele ya umati hata ikabidi lianzishwe upya. Ikatangazwa pia kwamba mchezo ungetoka 2026. Papo hapo watu wakagawanyika. Wanaorusha michezo mubashara kwenye YouTube na Twitch walishangilia kwamba hatimaye kazi ya miaka mingi imeonekana, na wachezaji waliolipa tangu mwanzo wakakumbusha kwamba mchezo huohuo uliwahi kunadiwa kuwa ungetoka 2016. Wote walikuwa wametazama kitu kimoja, na hakuna aliyesema uongo.

Kwa asiyeufuatilia mkasa huu, Star Citizen ilitangazwa Oktoba 2012 na Chris Roberts, aliyeunda Wing Commander, mchezo wa vita vya anga za juu wa mwaka 1990. Michango ya umma, ikiwemo ya kupitia tovuti ya Kickstarter, ilileta zaidi ya dola milioni 2, na nia ilikuwa mchezo utoke Novemba 2014. Tarehe hiyo ikapita, lakini fedha hazikukoma kuingia, hasa kutoka kwa wachezaji wa kawaida wanaonunua vyombo vya anga kwa pesa halisi. Jumla ilivuka dola milioni 500 mwaka 2022 na milioni 800 mwaka 2025. Mchezo unachezeka, ila bado unaitwa toleo la majaribio. Ahadi za mwanzo zilitaja mifumo 100 ya nyota. Kufikia mwisho wa 2024 wachezaji walikuwa na miwili, Stanton na Pyro, na kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kueleza kwamba toleo kamili litakuja na mitano.

Manung'uniko ya wachezaji hayaanzii kwenye takwimu hizo, bali kwenye jioni zao. Mtu ametoka kazini, anazo saa mbili za kucheza. Ndani ya mchezo anaamka kitandani, anashuka kwa lifti, anapanda treni hadi kituo cha vyombo, anaita chombo chake kwenye mashine na kusubiri kitolewe. Lifti inaweza isije, au ikaja na kumwacha aporomoke chini ya ardhi ya sayari. Akivuka hapo, anatumia akiba yake yote ya pesa za mchezo kununua shehena, anaruka kwenda kuiuza, na katikati ya safari seva, yaani kompyuta ya kampuni inayoendesha mchezo, inaanguka: skrini inamletea ujumbe wa hitilafu nambari 30000, ambayo wenyewe wameizoea kwa jina la 30K. Shehena imekwenda, na saa mbili zake zimekwenda nayo. Machi 2023, lilipotoka toleo la 3.18, wengi walishindwa hata kuingia kwa siku kadhaa. Mtu wa namna hii akikasirika, kumwambia kwamba alijua ananunua mchezo usiokamilika ni kweli, lakini ni kweli isiyomsaidia, kwa sababu alichonunua yeye kilielezwa kwa video yenye ubora wa filamu.

Mrushaji anaishi na hitilafu zilezile kwa hali tofauti kabisa. Anakaa hewani saa nyingi mfululizo, kwa hiyo dakika arobaini zilizopotea hazimharibii siku. Lifti inayomuua ni kichekesho ambacho watazamaji watakikata na kukisambaza. Ana marafiki wa kujaza chombo kikubwa, mmoja kwenye usukani, wengine kwenye mizinga, na pale wanaposhuka kutoka angani hadi kwenye uso wa sayari bila skrini kukatika hata mara moja, kisha mlango wa nyuma ukafunguka wakatoka kwa miguu, yale anayoyaonyesha ni ya kweli na sijui mchezo mwingine unaoyafanya kwa kiwango hicho. Shida ni uteuzi. Mtazamaji anahudumiwa dakika kumi zilizo bora kati ya saa nane, kisha ananunua mchezo akidhani dakika hizo ndizo hali ya kawaida.

Liko pia suala la maslahi, ambalo huelezwa vibaya. Si lazima kampuni imlipe mrushaji ndipo aupendelee mchezo. Kila mwenye akaunti ana msimbo wa mwaliko: mgeni akiutumia anapewa pesa za mchezo za kuanzia, na aliyemwalika hujikusanyia zawadi, vikiwemo vyombo, kadiri walioingia na kununua wanavyoongezeka. Mwenye watazamaji elfu kumi na mwenye marafiki watatu wana msimbo wa aina moja, lakini matunda yake hayalingani. Isitoshe, anayejipatia riziki kwa mchezo mmoja hujikuta na hadhira ya wapenzi wa mchezo huo, na hadhira hiyo haimtazami ili asikie kwamba iliharibu pesa. Msukumo wa namna hii haumfanyi mtu kuwa mwongo. Unamfanya tu aone haraka yaliyo mazuri na achelewe kuona mengine.

Hata hivyo, kuwaweka warushaji wote kwenye kapu moja ni uonevu. Mwaka 2025 kampuni ilipoanza kuuza kwa pesa halisi vifaa vya kuboresha urukaji wa vyombo, kabla havijapatikana kwa pesa za ndani ya mchezo, baadhi yao walipinga kwa sauti kali kuliko wachezaji wa kawaida, na kampuni ikarudi nyuma. Kelele za mtu mmoja aliyepoteza shehena haziwezi kufanya hivyo. Nguvu ya kuvumisha ndiyo hiyohiyo nguvu ya kubana, ikitumiwa.

Na upande wa watengenezaji una hoja nzito. Kwa miaka mingi seva moja ilibeba wachezaji 50 tu, baadaye 100, na dunia yote ilitegemea kompyuta moja kukumbuka kila kitu kilichomo. Toleo la 4.0 la Desemba 2024 liligawa kazi hiyo kwa seva kadhaa zinazokabidhiana wachezaji bila wao kusikia kizingiti, hivyo mamia ya watu wakaweza kuwa katika ulimwengu mmoja. Hiyo ni kazi ya uhandisi, na haipimwi kwa kalenda ya mashabiki. Mfano ulio jirani ni Elite Dangerous, mchezo mwingine wa anga za juu, uliochangisha fedha mwishoni mwa 2012 vilevile na kutoka Desemba 2014. Ulitoka mapema kwa kupunguza tamaa: mchezaji alibaki ndani ya chombo chake, na kutembea kwa miguu kulikuja Mei 2021, tena kwa toleo lililopokewa kwa lawama nyingi. Kuwahi, basi, nako kuna gharama yake.

Ningekubali hoja hiyo yote kama isingekuwapo duka. Kampuni inaomba ipimwe kama maabara, huku dukani inafanya biashara kama wenye bidhaa mkononi. Mwaka 2018 iliuza kifurushi cha vyombo zaidi ya 100 kwa dola 27,000, na hata kukiona kwenye tovuti kulihitaji mtu awe ametumia dola 1,000 kwanza. Chombo kiitwacho Merchantman kilianza kuuzwa 2013 kama mchoro, na mwaka 2025 kilikuwa bado hakijaruka, ingawa wanunuzi huazimwa vingine vya kutumia wakati wanasubiri. Bei za vyombo hivi hupanda kadiri vinavyokaribia kukamilika, kwa hiyo anayelipa mapema hudhani amepata nafuu. Anafanana na mteja aliyempa fundi cherehani malipo ya kanzu ya Idi, Idi ikapita, na kila akienda anaonyeshwa darizi mpya iliyoongezwa kwenye kola. Darizi ni nzuri kweli, ila yeye alitaka kuvaa.

Mwaka 2021 mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza ililazimika kuikumbusha kampuni iwaeleze wanunuzi waziwazi kwamba chombo cha mchoro bado hakijaingia kwenye mchezo. Mwaka uliofuata kampuni iliacha kuweka hadharani ratiba ya mambo ya mbali, kwa maelezo kwamba baadhi ya watu waliyachukulia makadirio kuwa ahadi. Mimi naona hapo ndipo ilipojikwaa. Kama tarehe ni makadirio, basi na picha ya chombo dukani ni makadirio, na yapaswa kuuzwa kwa lugha hiyohiyo ya tahadhari. Muda wa kudai kurudishiwa pesa ni siku 30 tangu kununua, wakati baadhi ya vitu vinavyouzwa huchukua miaka kufika. Kurefusha muda huo hadi chombo kitakaporuka kungepunguza hasira kuliko onyesho lolote la jukwaani.

Warushaji nao hawadaiwi kuacha kushangilia. Wanadaiwa mambo mawili madogo: waseme mwanzoni kwamba msimbo ulio chini ya video unawanufaisha, na mara mojamoja warushe jioni ya saa mbili bila kukata, kwa chombo cha kuanzia, peke yao.

Squadron 42 itawapa pande zote kipimo wasichokuwa nacho kwa Star Citizen. Ni mchezo wa mtu mmoja, hauna seva ya kulaumiwa wala msimu ujao wa kusubiriwa, na mrushaji na mtazamaji wake watacheza kitu kilekile siku ileile.