Kichwa cha mzazi sio cha kupozwa na panadol

Juzi msibani nimemsikia mama mmoja anasema kwa uhakika kabisa, "Binti wa miaka 26 apate stroku? Huyo karogwa." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu, hapa sinyamazi.

Stroku tuliyoizoea ni ya babu mwenye presha, mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unaziba au unapasuka. Ipo nyingine, damu inaganda kwenye mishipa inayoirudisha kutoka huko juu, inakosa pa kutokea, presha ndani ya fuvu inapanda na saa nyingine damu inavilia kwenye ubongo. Hii inawapata zaidi vijana, hasa wanawake: mjamzito, aliyejifungua, anayemeza vidonge vya majira (na msikimbilie kuvitupa, mimba yenyewe inagandisha damu kuliko hivyo vidonge).

Mimi hasira yangu ni kwa ajili ya mzazi, mama aliyetoka kujifungua. Damu yake inaganda upesi, ndivyo mwili unavyojikinga asivuje akaisha, na hatari ni kubwa zaidi wiki 6 za mwanzo, yaani arobaini ile ile tunayomkalisha ndani na kumpikia uji wa pilipili manga. Maziwa yanatoka? Mtoto kalala? Kichwa hakuna anayeuliza!! Binamu yangu alilalamika kichwa siku nyingi, akilala chali kinazidi, akikohoa kama kinapasuka, macho yanaona ukungu, ikabidi awe analala kakaa kaegemea mito. Zahanati wakampima malaria, hamna, wakampa dawa ya malaria hivyo hivyo na panadol juu. Sasa mlipima ya nini? Alipoanguka kifafa nyumbani wakasema pepo. Hospitali CT scan (picha ya ndani ya kichwa) ya kwanza ikatoka safi, wanataka kumruhusu, mpaka daktari mmoja kijana akagoma, akaagiza irudiwe kwa dawa ya kuonyesha mishipa, ndio donge likaonekana.

Haya, sio kila kichwa ni hiki, vingi ni kukosa usingizi tu, na kipimo ni ghali na hakipo kila mahali, hilo nawapa. Lakini kichwa kisichosikia dawa siku ya ngapi sijui, mzazi huyo apimwe hata presha basi, maana kifafa cha mimba nacho kinaweza kuja baada ya kujifungua!

Hillary Clinton, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alikutwa na donge la namna hii mwishoni mwa 2012, nyuma ya sikio la kulia, akapewa dawa za kuyeyusha damu. Sikusikia kaitiwa mganga.

Wodini kwa binamu, shangazi alikuja juu: "Damu imevilia kichwani halafu mnamchoma dawa ya kuyeyusha damu, mnataka kumuua?" Swali zuri kabisa. Daktari akamwambia imevilia kwa sababu njia ya kutokea imeziba, donge lisipozuiwa litazidi kukua. Shangazi hakuridhika, akawa anakaa pale kitandani anahesabu kila sindano.

Wengi wakiwahiwa wanapona vizuri. Binamu yuko kwenye vidonge vya kuyeyusha damu miezi kadhaa, na ameshaanza kugombana na mume kama zamani.