Nilivyopiga Pasi Vita vya Kwanza vya Dunia

Ukikuta kadi za kale za stereoskopu, kile kifaa cha kutazamia picha mbili zikaonekana moja yenye kina, zile kadi nene za rangi ya majivu zenye picha mbili zinazofanana kama mapacha, na ukaziona zimepinda kama jani la mgomba linaloanza kukauka, tafadhali weka pasi chini. Mimi sikuiweka.

Sanduku aliniletea Muzee wa jirani, hapa Kadutu, siku ya mvua. Bukavu siku kama hiyo haihitaji kutajwa tarehe. Ndani mlikuwa na kile alichokiita "miwani ya mbao" na kadi 38 za vita ya 1914 hadi 1918. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kusafisha lenzi na kukaza mpini uliolegea. Hakuniambia nisiguse kadi. Nani angefikiria kumwambia mtu mzima asipige picha pasi?

Kazi ya lenzi niliifanya vizuri, na naomba hilo likumbukwe. Kifaa ni cha namna aliyoibuni Oliver Wendell Holmes, daktari wa Boston, mwaka 1861. Hakuchukua hataza, basi kila mwenye randa na msumeno akawa anakitengeneza. Kuna kofia ya kuziba mwanga usoni, lenzi mbili, ubao wa katikati unaozuia jicho la kulia lisichungulie mambo ya jicho la kushoto, na reli ya mbao ambayo juu yake kibebeo cha kadi kinasogea mbele na nyuma. Unasogeza mpaka picha itulie, kwa watu wengi karibu sentimita 20 kutoka kwenye lenzi. Ukizitoa lenzi, ziwekee alama ya penseli, kwa sababu si duara kamili: upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Mwembamba unakaa puani, mnene unakaa nje. Picha za kwenye kadi zimeachana karibu sentimita 7 na nusu hadi 8, macho ya binadamu yameachana kama 6 na nusu, na huo unene wa pembeni ndio unaozisogeza picha zikutane. Ukizigeuza, utaona vita mbili badala ya moja, na kichwa kitakuuma kwa zote mbili.

Niliziwekea alama. Nikazifuta kwa kitambaa laini. Nikazirudisha. Hapo ndipo nilipaswa kufunga sanduku na kwenda kula sambaza, vidagaa vya ziwa letu.

Lakini kadi zilikuwa zimepinda. Zote 38, na zote upande mmoja: picha ndani ya bonde, mgongo nje. Mtu mwenye akili angejiuliza ni unyevu gani wa Ziwa Kivu unaopinda kadi 38 kwa kipimo kimoja bila kukosea. Mimi nilijiambia, hii ni masika, nitamsaidia Muzee.

Ukweli ni kwamba kadi hizo zilipindwa kiwandani, makusudi. Hizi zilitoka Keystone View Company ya Meadville, Pennsylvania. Jina limechapwa pembeni mwa kadi, maelezo kwa Kiingereza mgongoni. Karatasi nene iliyobandikwa picha upande mmoja itajipinda tu, leo au kesho, na kila moja kwa njia yake. Basi mtengenezaji akaipinda mwenyewe, mapema, ili isijipinde yenyewe. Tena kadi yenye mpindo ni ngumu, haitikisiki kwenye vibanio vya waya. Haya nayajua sasa.

Nilitia makala kwenye pasi, nikasubiri yawe mekundu, nikanyunyizia kadi maji kidogo, nikafunika kwa kitenge, nikakandamiza. Kadi ya kwanza ikanyooka kama meza. Furaha yangu! Nikapiga ya pili, ya tatu, na kila iliyotoka niliiacha na kitenge chake juu ya picha, ipoe. Nilikuwa nimefika ya 12 niliposikia harufu, kama ya ukwato wa ng'ombe unaochemka.

Harufu ile ilikuwa jelatini. Picha za miaka ile fedha yake imelala ndani ya tabaka la jelatini, na jelatini ni mifupa na ngozi iliyochemshwa. Ikipata maji inavimba, ikipata joto inakuwa gundi. Nilipovuta kitenge, kikakataa. Nilipovuta kwa nguvu, kikaja pamoja na nusu ya Ubelgiji. Kadi moja mpaka leo, mbinguni juu ya mji uliobomolewa, ina nyuzi za kitenge zilizojichapa mstari kwa mstari. Ukiweka jicho karibu, unaona mpaka fundo pale mfumaji alipounganisha uzi.

Na wanga uliobandika picha kwenye kadi nao ukalegea. Picha mbili za kila kadi si karatasi moja. Ni vipande viwili, kila kimoja na upinde wake juu kama dirisha la kanisa, vimebandikwa bega kwa bega. Vilianza kutoka kimoja kimoja. Kufika saa kumi nilikuwa na kadi 12 tupu, zilizonyooka vizuri sana, na sinia lenye vipande 24.

Vipande vya kadi moja kuvijua ilikuwa rahisi: handaki kwa handaki, mzinga kwa mzinga. Kipi ni cha kushoto na kipi cha kulia, hilo sikujiuliza. Vinafanana! Nikachemsha unga wa ngano, kijiko kimoja kwa vijiko vitano vya maji, koroga mpaka uwe kama uji mzito, nikabandika kama ilivyokuja mkononi. Usiku mende wakaja wakaonja pembe za kadi mbili. Gundi ilikuwa tamu, hilo walithibitisha.

Jumamosi Muzee akaja na mkwe wake, na katekista, na watoto watano wa uani. Umeme ulikuwa umekwenda zake, kwa hiyo tulimulika kadi kwa tochi ya simu kutoka nyuma ya bega, ambako mwanga unapaswa kutoka. Kadi za kwanza zilikuwa zile 26 zilizonusurika. Wakashangilia. Watoto walinyoosha mikono hewani kushika bunduki. Muzee alizipitia upesi, moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa.

"Tabora haimo?"

Babu yake alitembea mpaka Tabora na Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, waliouteka mji ule tarehe 19 Septemba 1916. Nikamwambia sanduku hili lilikusanywa na Wamarekani, Afrika yetu sijaiona humo. Akaguna, akaomba zile nyingine.

Nikampa kadi ya handaki. Akanyamaza. Akasogeza kibebeo mbele, akakirudisha nyuma.

"Mwanangu, hawa askari wanafanya nini juu ya ukuta?"

"Wako ndani ya handaki, Papa."

"Handaki gani? Wamejipanga juu ya ngome kama kuku juu ya ua. Mjerumani amewakosaje?"

Katekista akachukua. Kwenye kadi yake kulikuwa na seng'enge mbele ya nyumba iliyobomoka. Akaona nguzo za seng'enge ziko nyuma ya nyumba, lakini anaziona kupitia ukutani. Akafuta macho. Akasema nyumba ni ya kioo. Akaketi. Mkwe akaangalia dirisha lililovunjika, akaripoti kwamba mawingu yametoka nje ya dirisha, yako mbele ya nyumba, yamening'inia kama shuka lililoanikwa.

Cha ajabu, sura za askari zilibaki sura. Ubongo umezoea nyuso tangu utotoni. Hata ukiuletea pua iliyobonyea ndani, unakataa, unairudisha nje. Nguzo na mahandaki haukuyatetea.

Nikageuza kadi juu chini, nikidhani itarekebika. Askari wakaning'inia vichwa chini, na bado wako juu ya ngome. Kugeuza hakusaidii, kwa sababu ukizungusha kadi nzima, vipande vinabadilishana nafasi na vyenyewe vinapinduka pia, hesabu inarudi palepale. Dawa ni moja: kubandua na kubadilishana.

Nikaenda kuchukua rula, huku Muzee akinitazama kama daktari anayetazama mganga. Kipimo ni hiki. Chagua kitu cha mbali, tuseme mti kwenye upeo, pima kutoka mti wa picha ya kushoto hadi mti uleule wa kulia. Halafu chagua kitu cha karibu, upime vivyo hivyo. Kadi ikiwa sawa, vya karibu vinapungua kuliko vya mbali. Kwenye kadi ya handaki, mti ulikuwa milimita 74, na gunia la mchanga la mbele milimita 78. Kinyume kabisa. Jicho la kushoto lilikuwa linakula chakula cha jicho la kulia, na cha karibu kikaonekana mbali, cha mbali karibu.

Nikapima zote 12. Kadi 7 zilikuwa zimepinduka, 5 sawa. Ningerusha sarafu ningepata hivyo hivyo.

Marekebisho yalichukua wiki tatu, safari hii bila moto. Kadi inalala usiku kucha kati ya vitambaa vyenye unyevu wa baridi, mgongo wa vipande unalegea polepole, unaingiza wembe pembeni na kuinua bila haraka. Kwenye kila kipande, mara tu kinapotoka, unaandika nyuma kwa penseli K ya kushoto au L ya kulia. Gundi ileile, nyembamba zaidi. Kisha mpindo lazima urudi: nilifunga kadi kwenye pipa la lita 200 la maji ya mvua, picha ikitazama pipa, karatasi safi katikati, nikaikaza kwa mpira wa gurudumu la baiskeli. Pipa linapinda kupita kiasi, lakini kadi ikifunguliwa inarudi nyuma kidogo na kukaa sawa. Kwa siku nyingi majirani waliokuja kuchota maji walikuta Vita vya Dunia vimefungwa kwenye pipa, na hakuna aliyeuliza. Walikuwa wameshasikia.

Muzee alizipokea, akazihesabu, akaziangalia zote 38 kwenye mwanga wa dirisha. Ile yenye nyuzi za kitenge akaiweka juu kabisa, kwa kuonyesha wageni. Halafu akaomba pasi yangu, akasema ataitunza.

Bado iko kwake. Jumapili naenda misa na shati lililokunjamana, na Muzee akinipita mlangoni ananiinamia sikioni: "Usiliguse, mwanangu. Limepindwa makusudi."